Ratiba za televisheni: Butembo na Beni hawastahili kubahatisha saa

Usiku wa jumapili tarehe 28 januari 2024, Léopards ya DRC ilicheza na Misri mjini San-Pédro, nchini Côte d'Ivoire, katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Mechi ilianza saa 20h00 ya kule. Kinshasa ilikuwa saa 21h00. Butembo na Beni ilikuwa saa 22h00. Timu zilitoka sare 1-1, muda wa nyongeza haukuamua kitu, na mwishoni Léopards ikapita kwa penalti 8-7, kipa Lionel Mpasi akifunga ile ya mwisho. Alipofunga, San-Pédro ilikuwa bado jumapili. Butembo na Beni ilikuwa tayari jumatatu tarehe 29.

Mechi moja, miji minne, saa tatu tofauti, na tarehe mbili. Shabiki aliyekuwa mbele ya televisheni hakuona shida yoyote, kwani alikuwa anatazama mpira. Lakini kwa programu ya kompyuta inayotengeneza ratiba ya vipindi, mechi kama hiyo ni mtihani mgumu. Programu iliyoandikwa kwa haraka inaanguka hapo, na anayelipa si aliyeiandika. Anayelipa ni mtu wa Butembo au Beni aliyetoka nyumbani usiku akiamini saa aliyoisoma kwenye simu.

Kosa hilo linaweza kurekebishwa bila pesa nyingi, na vijana wa miji hii miwili wanaosoma informatika wana uwezo wa kulirekebisha. Kinachotakiwa kwanza ni kukubali jambo moja: saa iliyoandikwa bila kutaja ni ya wapi haijakamilika.

Nchi moja, saa mbili

DRC ina saa mbili rasmi. Magharibi, pamoja na Kinshasa, iko saa moja mbele ya saa ya kimataifa inayoitwa UTC. Mashariki, pamoja na Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Ituri, Tshopo, Maniema na Katanga ya zamani, iko saa mbili mbele. Ndiyo sababu kipindi kinachotangazwa Kinshasa kwa saa 20h00 kinaonekana Beni saa 21h00.

Tofauti hiyo haikuwekwa ili kusumbua watu. Butembo na Kinshasa zimetenganishwa na nyuzi karibu 14 za longitudo, na jua linatumia saa moja kupita nyuzi 15. Kwa hiyo jua la Butembo linatangulia lile la Kinshasa kwa karibu saa nzima. Butembo tena iko karibu kabisa na mstari wa ikweta: mwaka mzima jua linachomoza karibu na saa 6h00 na kuzama karibu na saa 18h00. Ni mahali ambapo hesabu ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu saa asubuhi jua linapotoka, inalingana vizuri na anga.

Ukielekea mashariki zaidi, mambo yanabadilika tena. Kasindi ni DRC, na ng'ambo ya mpaka ni Mpondwe, Uganda, ambako saa iko tatu mbele ya UTC. Mfanyabiashara anayevuka hapo adhuhuri anajikuta saa 13h00 kabla hajafungua mzigo. Hata simu yake, ikikamata mtandao wa Uganda, inaweza kujibadilisha saa bila kumuuliza. Kipindi cha saa 20h00 Kinshasa ni saa 21h00 Beni na saa 22h00 Mpondwe.

Watu wa eneo hili wamezoea hesabu hiyo toka zamani. Kompyuta ndiyo inayohitaji kufundishwa.

Kosa linapoanzia

Kuna muundo mmoja unaotumika sana duniani kwa ratiba za televisheni, unaitwa XMLTV. Ndani yake mwanzo wa kipindi unaandikwa kwa tarakimu zinazofuatana: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde, kisha alama inayoonyesha tofauti na UTC. Mechi ya San-Pédro ingeandikwa hivi: 20240128200000 +0000. Zile sifuri nne za mwisho ndizo zinazosema kwamba saa 20h00 hiyo ni ya UTC.

Chukua mfano wa kijana anayeandika skripti ndogo ili kuwapa watu wa Butembo ratiba ya mechi kwenye simu. Anaona tarakimu kumi na nne, anazielewa. Anaona +0000 mwishoni, haimsaidii kitu, anaikata. Skripti inasoma 20h00 na kuandika 20h00. Mashabiki wanafika saa mbili kabla ya mechi.

Malalamiko yanafika. Kijana anakumbuka kwamba Côte d'Ivoire iko nyuma ya DRC, anaongeza saa moja. Sasa ratiba inasema 21h00. Kinshasa ni sawa, Butembo bado ni makosa. Na kama skripti inauliza kompyuta iko wapi, mara nyingi jibu litakuwa Kinshasa, maana mtu akichagua nchi ya Congo, mji mkuu ndio unaojitokeza wa kwanza. Saa ya mashariki imo kwenye orodha ya kompyuta, lakini kwa jina la Africa/Lubumbashi. Mtu wa Beni hafikirii kwamba saa yake imefichwa chini ya jina la mji ulioko zaidi ya kilomita elfu moja kusini. Anaona Kinshasa, anabonyeza, anaendelea.

Dawa inayozidisha ugonjwa

Kuongeza moja ndiyo dawa ya haraka, na ndiyo inayoleta ugonjwa mwingine. Mfano mzuri ni Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, ambayo mechi zake nyingi zinaanza saa 21h00 ya Paris. Wakati wa baridi, Paris iko saa moja mbele ya UTC, sawa na Kinshasa, na Butembo inaona mechi saa 22h00. Lakini jumapili ya mwisho ya mwezi wa machi Ulaya inasogeza saa mbele. Kuanzia hapo Paris na Butembo zina saa ileile, hadi jumapili ya mwisho ya oktoba. Mechi ya saa 21h00 Paris inakuwa saa 21h00 Butembo.

Skripti iliyofundishwa kuongeza moja haijui habari hiyo. Jumamosi tarehe 30 machi 2024, saa 21h00 ya Paris ilikuwa saa 22h00 Butembo, na skripti ingesema kweli. Kesho yake, jumapili tarehe 31, saa 21h00 ya Paris ilikuwa saa 21h00 Butembo, na skripti ileile ingesema uongo, bila mtu kugusa herufi moja ndani yake. Ndiyo maana makosa ya aina hii yanachosha: programu inafanya kazi miezi mitano, mwenye nayo anajisifu, kisha siku moja inaharibika yenyewe, na robo fainali ndiyo zinakaribia.

Siku hiyohiyo ina mtego mwingine. Programu nyingi zinatafuta «kesho» kwa kuongeza sekunde 86.400, yaani saa 24. Congo haibadilishi saa yake, kwa hiyo hapa hesabu hiyo inapita. Lakini kama seva inayofanya kazi imewekwa kwa saa ya Paris, tarehe 31 machi 2024 kwake ilikuwa siku ya saa 23, na tarehe 27 oktoba 2024 ilikuwa siku ya saa 25. Siku kama hizo, «kesho» ya seva inaweza kuruka tarehe moja, au kurudia ileile.

Tarehe inapogeuka usiku

Mahali pengine pa kuangalia ni katikati ya usiku. Filamu inaanza saa 23h00 na kuisha saa 01h00. Skripti inayotoa saa ya mwanzo katika saa ya mwisho, bila kutazama tarehe, inapata 1 kutoa 23, yaani kasoro 22. Kipindi kinapotea kwenye ratiba, au kinaonyeshwa kimeisha kabla ya kuanza.

Neno «leo» nalo linadanganya. Mtu wa Beni anafungua ratiba saa 00h30, jumatatu. Kinshasa bado ni saa 23h30, jumapili. Kwa UTC ni saa 22h30, jumapili. Skripti inayochukua tarehe ya seva badala ya tarehe ya mtazamaji itampa vipindi vya jana na kuviita vya leo.

Kwa Kombe la Dunia la 2026, lililopangwa Marekani, Kanada na Meksiko kuanzia tarehe 11 juni hadi 19 julai, jambo hili lina uzito wa pekee. Mechi inayoanza saa 21h00 mjini New York mwezi wa juni inaanza saa 03h00 Butembo, siku inayofuata. Ikiandikwa «jumatatu saa 03h00» huku ikichezwa jumatatu jioni kule Marekani, mtu wa Butembo ataamka usiku wa makosa. Atakaa mbele ya televisheni akisubiri mechi ambayo bado ina saa 24 kabla ya kuanza.

Kiswahili kina jibu la tatizo hili tangu zamani. Mtu akisema «usiku wa jumatatu kuamkia jumanne, saa tisa», hakuna anayekosea. Maneno hayo yanataja siku mbili kwa pamoja na kuufunga usiku katikati yake. Ni ajabu kwamba ratiba nyingi zinazotolewa kwa Wakongomani wa mashariki hazitumii msemo ambao kila mama wa Butembo anautumia akieleza lini mtoto alizaliwa.

Programu inaweza kufundishwa kusema hivyo, kwa uangalifu. Kutoka 20h00 kwenda saa mbili ya usiku ni kutoa sita, kisha kutoa kumi na mbili kama inalazimu: 20 kutoa 6 ni 14, na 14 kutoa 12 ni 2. Lakini saa 03h00, ukitoa sita, unapata kasoro tatu. Hapo ni kuongeza sita ili kupata saa tisa. Asiyejaribu skripti yake kwa saa za usiku hatajua kwamba imeandika upuuzi hadi mtazamaji amwambie.

«Hata mtoto anajua kuongeza saa moja»

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo. Watu wa Beni na Butembo wamesikiliza habari za Kinshasa miaka mingi, wanaongeza saa moja kichwani, maisha yanaendelea. Ni kweli, na hesabu hiyo ilifanya kazi kwa sababu kila mtu alijua anaanzia wapi: mtangazaji aliongea toka Kinshasa, saa yake ilikuwa ya Kinshasa.

Ratiba ya kwenye simu au kwenye dekoda haisemi inaongea toka wapi. Mtu anaona 20h00. Je, ni ya Kinshasa? Ya Paris? Ya UTC? Au kuna kijana ambaye tayari ameongeza moja? Anayeongeza juu ya saa iliyokwisha kuongezwa anachelewa. Asiyeongeza juu ya saa ya Kinshasa anafika mapema. Kadiri watengenezaji wanavyorekebisha kimyakimya, ndivyo mtazamaji anavyopoteza uwezo wa kujirekebishia mwenyewe. Hesabu ya kichwani haiwezi kushinda hesabu iliyofichwa.

Wapo pia wanaosema nchi nzima ingechukua saa moja tu, mambo yaishe. Hilo lingehamisha shida bila kuiondoa. Ulaya ingeendelea kubadilisha saa yake machi na oktoba, Uganda ingebaki na saa yake ng'ambo ya Kasindi, na mechi za Amerika zingeendelea kuangukia alfajiri. Skripti mbaya ingebaki mbaya.

Saa moja usiku ina bei yake

Katika mji mwingine wa dunia, kukosea saa moja ni kukosa dakika za mwanzo za filamu. Butembo na Beni ni tofauti. Huko wengi hawatazami mpira nyumbani. Wanakwenda kwenye ukumbi wa video, na mwenye ukumbi anawasha jenereta kwa mafuta aliyoyanunua. Akiwasha saa nzima kabla ya mechi kwa sababu ya ratiba ya makosa, mafuta hayo yamekwenda bure, na faida ya usiku huo imekwenda nayo. Akiwasha kwa kuchelewa, vijana wanarudishiwa pesa zao, au wanazidai kwa kelele.

Kuna pia njia ya kurudi. Mechi iliyotangazwa saa 21h00 na kuanza saa 22h00 inaisha usiku wa manane badala ya saa tano, bila kuhesabu muda wa nyongeza. Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya état de siège tarehe 6 mei 2021, na watu wa Beni wanajua toka kabla ya hapo maana ya amri ya kutotembea usiku, ya vizuizi barabarani, na ya milio ya risasi inayofanya mtaa mzima uzime taa. Mzazi anayemruhusu kijana wake aende kutazama mechi «inayoisha saa tano» amefanya hesabu ya usalama. Hesabu hiyo inategemea tarakimu mbili kwenye simu. Motari anayesubiri wateja nje ya ukumbi naye amefanya ya kwake.

Na kosa haliishii kwenye mpira. Fomu ya kujiandikisha mtandaoni inayofungwa «leo saa 23h59» kwa saa ya Kinshasa inafungwa Butembo saa 00h59, siku inayofuata. Mahojiano ya kazi yaliyopangwa Kinshasa saa 9h00 kwa njia ya simu ni saa 10h00 Beni. Anayejifunza kusahihisha ratiba ya televisheni anajifunza kusahihisha haya yote.

Kinachotakiwa kufanywa

Kwa waandishi wa programu, kanuni ni moja, na ni ya zamani katika kazi hiyo: ndani ya programu saa zote zihifadhiwe kwa UTC, pamoja na tarehe yake kamili. Kugeuza kuwa saa ya Butembo kufanywe mara moja tu, mwishoni, wakati wa kumwonyesha mtazamaji. Tofauti isiandikwe kwa mkono kama +1 au +2. Itumike hifadhi ya saa za dunia ambayo kompyuta na simu za kisasa tayari zinayo, kwa jina la Africa/Lubumbashi kwa mashariki na Africa/Kinshasa kwa magharibi. Hifadhi hiyo inajua lini Paris inabadilisha saa. Mwandishi wa skripti hana haja ya kukumbuka.

Anayetafuta kosa achukue kipindi kimoja ambacho saa yake ya kweli inajulikana, akifuate hatua kwa hatua: kimeingiaje, kimehifadhiwaje, kimeonyeshwaje. Kila hatua aandike tarehe, saa na tofauti na UTC. Mahali namba inapobadilika bila sababu, ndipo kosa lilipo. Majaribio matano yanatosha kufichua mengi: mechi ya 28 januari 2024 iliyovuka usiku wa manane, filamu ya 23h00 hadi 01h00, saa 21h00 ya Paris tarehe 30 na 31 machi 2024, «kesho» ya tarehe 28 februari 2024, mwaka ambao februari ilikuwa na siku 29, na ratiba ya «leo» inayofunguliwa Beni saa 00h30. Walimu wa informatika wa Butembo na Beni wangeweza kutoa majaribio hayo kama kazi ya darasani, na mwanafunzi angejifunza hesabu ya tarehe kwa mfano unaomhusu.

Kwa redio, televisheni na kurasa za habari zinazotangaza vipindi, inatosha kuongeza maneno mawili au matatu: «saa ya Butembo na Beni», au «saa ya Kinshasa». Ikiwa kipindi kinapita usiku wa manane, iandikwe «kuamkia» na siku inayofuata. Nafasi inayochukuliwa ni ndogo kuliko tangazo la sabuni.

Na kwa watazamaji, kuna haki ya kuuliza. Mwenye ukumbi anayebandika karatasi mlangoni, kijana anayetuma ratiba kwenye kundi la WhatsApp, kampuni inayouza dekoda: wote waulizwe «saa ya wapi?». Wakishindwa kujibu, ratiba yao isiaminiwe, na jenereta isiwashwe kwanza.